Nani Anakohoa Nyumbani?

Wanawake wa kanisa walipokuja kumwombea Mumbua, walikuja wamejifunga leso kiunoni na nyingine kichwani, kama watu wanaokwenda matangani. Waliingia wakinong'ona. Mmoja alikuwa amebeba majani ya chai na sukari, vitu ambavyo hupelekwa kwa waliofiwa, akaviweka karibu na mlango bila kusema ni vya nani. Mumbua mwenyewe alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, anakunywa uji wa wimbi kwa kijiko, polepole, huku akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

Kavata alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alivumilia wimbo wa kwanza. Alivumilia na wa pili, ingawa ulikuwa wimbo wa mazishi. Lakini kiongozi wao, Mama Ndululu, alipoanza kumsihi Mungu ampokee malaika huyu mdogo bila maumivu, uvumilivu ulimwishia.

"Ampokee kutoka wapi?" aliuliza kwa sauti. "Mama Ndululu, fungua macho. Mtoto anakunywa uji."

"Tunamkabidhi tu kwa Bwana, mwaitu, mama yetu."

"Mimi sijamkabidhi kwa mtu. Anasikia kila neno mnalosema. Kama maombi yenyewe ni ya kumzika, nendeni mkaombee huko makaburini. Na hiyo sukari mwende nayo."

Walitoka mmoja mmoja, wakikusanya viatu vyao mlangoni. Kufikia jioni, Kambu nzima ilikuwa imesikia kwamba Kavata wa hotelini amefukuza maombi.

Mumbua hakuwa mtoto wake wa kumzaa. Alikuwa wa mdogo wake, Nthenya, aliyeolewa upande wa Kabati, kule Kitui, akamzika mumewe, kisha naye akamfuata kabla mwaka haujaisha. Siku ya mazishi, shemeji zake Nthenya walimwekea mtoto chakula kwenye kifuniko cha kopo, peke yake, nyuma ya nyumba. Kavata alipoliona hilo alikiokota kile kifuniko, akala kilichobaki kwa vidole vyake mwenyewe, mbele ya wote, akakilamba. Kisha akambeba mtoto mgongoni na kuondoka naye bila kuaga.

Alimpeleka kwa kaka yake mkubwa, Jonah, ambaye boma lake lilikuwa juu kidogo ya barabara kuu ya Mombasa, mahali ambapo asubuhi, kama hakuna ukungu, unaiona milima ya Chyulu yote. Kavata alikuwa amerudi kuishi hapo baada ya kufiwa na mume. Mchana aliendesha hoteli ya mabati pale Kambu, akiwapikia madereva wa malori chai, chapati na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa. Jioni alipanda kurudi kwa kaka yake.

Jonah alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti nzito iliyoshikilia kwaya nzima kutoka chini. Watu walitarajia amkatae mtoto yule. Hakumkataa. Wakati majirani waliogopa hata kumpa Mumbua mkono, Jonah alimpakata kila jioni mbele ya kibatari, kitabu cha nyimbo kati yao, akamwonyesha herufi kwa kidole na kumfundisha kuziimba. Mashavu yao yaligusana. Mtoto alicheka kila sauti ya mjomba wake iliposhuka chini kabisa. Kavata alikuwa akiwatazama na kusema moyoni kwamba Mungu hakuwa amemsahau kabisa.

Hospitali ya misheni ilikuwa imempima Mumbua damu na kukuta virusi. Dawa zenyewe za kupambana na virusi, wakati ule, zilikuwa kitu cha kusikia redioni, cha watu wa ng'ambo na matajiri wachache wa Nairobi. Mumbua alipewa Septrini ya kila siku, vitamini, na maelezo ya kumlisha vizuri. Kwa muda mrefu vilimtosha. Alikimbizana na mbuzi, akang'oka meno ya mbele, akagombana na watoto wenzake waliokatazwa kucheza naye na waliocheza naye hata hivyo.

Kisha, mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya El Nino, akaanza kunyauka. Joto lilimpanda kila jioni. Asubuhi nguo zake zilikuwa zimelowa jasho, shingo imetoka tezi, na kikohozi hakikutaka kusikia dawa yoyote ya chupa. Gauni alilovaa Krismasi sasa lilimning'inia kama limetundikwa msumarini.

Kavata alimpeleka zahanati. Muuguzi alimtazama mtoto, akamtazama Kavata, akapunguza sauti.

"Mama, wewe unajua ana nini. Usimsumbue na masafari. Mpeleke nyumbani umpende."

"Nitampenda hata nikiwa safarini," Kavata alijibu, akamfunga mtoto mgongoni.

Ndiyo siku wanawake wa kanisa walipokuja. Na kesho yake asubuhi, baada ya kuwafukuza, Kavata hakufungua hoteli. Alimbeba Mumbua hadi kando ya barabara, akasimama pale ambapo malori hupunguza mwendo.

Lori lililosimama lilikuwa la Ahmednur, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa. Alikuwa akipeleka mbuzi Mombasa na kurudi na lori tupu, na kila safari alikula kwa Kavata, kwa sababu Kavata alimwekea sufuria ambayo haikuwahi kupikiwa nyama isiyo halali. Alimtazama mtoto, akamwambia taniboi, msaidizi wake, apande nyuma.

"Hospitali?" aliuliza.

"Ya misheni. Lakini nikuambie kabla hatujapanda. Huyu mtoto ana ule ugonjwa. Ukitaka kutuacha, tuache sasa."

Ahmednur alifungua mlango wa upande wa pili. "Mimi nimeuliza unaenda wapi, mama. Sijauliza kingine. Panda, jua linapanda."

Pale hospitali palikuwa na foleni iliyozunguka jengo. Daktari alikuwa kijana, jina lake Mutunga, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsikiliza Mumbua mgongoni, akasoma kadi yake, akaandika dawa ya kikohozi na ya homa.

"Asipopata nafuu?" Kavata aliuliza.

"Mama, hali yake unaijua. Ana virusi."

"Hicho ninakijua tangu zamani. Sikupanda lori la mbuzi kuja kuambiwa ninachokijua. Nimekuja uniambie kile nisichokijua. Miaka miwili alikuwa navyo hivyo virusi na alikuwa anakimbia. Sasa ni nini kimemlaza?"

Daktari alimwita mgonjwa aliyefuata. Kavata aliinuka, akampisha huyo mgonjwa kiti, akaenda kukaa sakafuni, palepale ndani ya chumba, chini ya dirisha, mtoto kwenye mapaja yake. Mgonjwa akatibiwa, akaingia mwingine. Muuguzi alikuja kumwambia atoke. Kavata alisema atatoka akijibiwa. Walikuja kumwambia tena, kwa ukali zaidi, naye akawajibu kwa upole kwamba yeye hana haraka, hoteli yake ameifunga.

Foleni ilipopungua, Daktari Mutunga aliweka kalamu chini. Alivuta kiti chake hadi pale dirishani, akakaa karibu nao.

"Haya, mama. Tuanze upya. Nani anakohoa nyumbani?"

"Ni huyu."

"Sio huyu. Mtu mzima. Mtu anayekaa karibu naye."

"Hakuna," Kavata alisema. Alisema haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Ndipo akasikia, kana kwamba iko ndani ya chumba kile, ile besi ya Jonah ikikatika katikati ya ubeti. Kaka yake alikuwa akigeuza uso, anakohoa kwenye leso, anaikunja, anaendelea. Vumbi la kokoto, ndivyo alivyosema siku zote, kwa kuwa aliwahi kuvunja mawe ya barabara ujanani. Kavata alikumbuka kaka yake alivyokonda mwaka ule. Alikumbuka mashavu mawili mbele ya kibatari.

"Yuko mtu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mumbua alilazwa siku hiyohiyo. Walimpiga picha ya kifua. Makohozi hakuweza kutoa, kwa maana mtoto mdogo huyameza, basi asubuhi walimpitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni wakavuta maji ya kupima. Alilia hadi sauti ikamkauka, na Kavata alimshika mikono huku naye machozi yakimtiririka. Daktari hakungoja majibu yote. Aliinua ile picha dirishani, akamwonyesha Kavata mawingu meupe mahali ambapo palipaswa kuwa peusi.

"Ni kifua kikuu," alisema. "Hivyo virusi vimemlegeza mlango, TB ikaingia. Mtoto wa namna hii akikaa na mtu mwenye TB, ni rahisi sana kuipata, na ikimpata inakwenda mbio. Lakini nisikilize. Virusi sina dawa yake hapa. TB ninayo. TB inapona, hata kwa mtu mwenye virusi."

"Rudia hilo la mwisho," Kavata alisema.

"Inapona."

"Na watu wanaomkimbia? Atawaambukiza?"

"Mtoto mdogo hivi, si rahisi. Yeye ndiye alipaswa kuwakimbia wao." Daktari alishusha picha. "Huyo mtu wako anayekohoa lazima aje. Asipokuja, nitamtibu huyu hapa, umrudishe nyumbani, na atampa tena. Nyinyi wengine wote mje mpimwe pia."

Vidonge vilianza, na sindano. Wiki zilipita, jasho likakauka. Asubuhi moja Mumbua aliomba yai, akalila, akaomba lingine, na muuguzi yuleyule aliyekuwa akimfukuza Kavata sakafuni ndiye aliyekwenda kulitafuta.

Mtoto alipokaribia kuruhusiwa, Kavata alirudi Kambu peke yake. Alimkuta Jonah chini ya ukingo wa paa, anatengeneza kamba za kitanda. Mkewe, Kalondu, alikuwa anapepeta ndengu. Kavata aliwaeleza yote, na alipofika kwenye swali la daktari, Kalondu aliacha kupepeta.

"Mimi nina vumbi," Jonah alisema.

"Twende ukapimwe hilo vumbi."

"Kavata, unajua watu wanasema nini wakiona mtu mzima kwenye ile foleni ya kifua? Hawasemi TB. Wanasema ni ule mwingine. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimezika watu, nimefungisha ndoa. Unataka nisimame pale barazani na kopo la makohozi mkononi?"

"Ndiyo, kaka. Hicho hasa ndicho ninachotaka."

"Sina ugonjwa."

"Basi Mumbua ameutoa wapi? Watoto wenzake wamekatazwa kumkaribia. Majirani hawamshiki. Aliyemshika ni nani?" Kavata hakutaka kulisema, lakini alilisema. "Wewe peke yako ndiye uliyempenda kwa karibu. Na ndiwe uliyempa."

Jonah alisimama. Kamba ilimwanguka mkononi.

"Nilimpokea wakati hakuna aliyemtaka," alisema. "Nikampa nyumba. Leo unaniita muuaji wake, kwenye uwanja wangu, mbele ya mke wangu. Ondoka."

"Nitaondoka. Na Mumbua hatalala tena chini ya paa hili mpaka utibiwe. Hata kama ni jikoni kwangu, tutalala jikoni."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ya hoteli kulikuwa na chumba cha kuni. Kavata alitoa kuni, akatoboa dirisha kubwa kwenye bati kwa patasi ili hewa ipite, akatandika kitanda. Mumbua alipotoka hospitali alifikia hapo. Kila siku kabla ya uji alimeza vidonge vyake, akikunja uso, kisha akamwonyesha Kavata ulimi kuthibitisha vimekwenda.

Wateja walipungua. Watu walisema chapati zinakandwa karibu na mgonjwa. Baadhi ya madereva walihamia hoteli ya jirani, wengine wakapitiliza kwenda kula Mtito Andei. Kavata hakumficha mtoto. Alimweka kwenye kigoda mbele kabisa, mahali pa jua, amenawa na kusukwa nywele. Mtu akisimama kando akiuliza kama ni kweli, Kavata alimjibu kwa sauti ya kusikika hadi kituo cha petroli: "Ni kweli. Ana TB na anatibiwa. Wewe unayeuliza, hicho kikohozi chako umekipima?" Ahmednur alipopita safari zake alikaa kwenye benchi la mbele, na alikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumaliza chai.

Kilichomuuma si wateja. Mumbua alikuwa akiuliza kila jioni, "Mama, mjomba amenikasirikia?" Na kila jibu alilokuwa nalo Kavata lilikuwa ama uongo au kisu.

Jumapili moja alimvalisha lile gauni la Krismasi, akaenda naye kanisani. Walipoketi, benchi lilibaki wazi kushoto na kulia kwao. Mama Ndululu alijisogeza hadi mwisho, akawavuta na wajukuu wake. Kwaya iliimba. Jonah alikuwa mstari wa nyuma, na mara mbili alikatisha wimbo, akainamia leso yake.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, Kavata alisimama. Mchungaji alimwona, akasita, akampa nafasi.

"Bwana asifiwe," Kavata alisema, na wachache wakaitikia. "Mlikuja nyumbani mkamwombea huyu mtoto afe vizuri. Mnisamehe niliwafukuza, na nikisema kweli, mkirudi kwa maombi yale nitawafukuza tena. Huyu hapa. Mwangalieni mashavu. Daktari alisema atapona kifua, na anapona. Sasa naona mmemwachia benchi zima. Mnamwogopa. Huyu hana cha kuwapa! TB hakuzaliwa nayo, na hakuitoa kwa mama yake kaburini. Alipewa na mtu mzima anayekohoa na hataki kupimwa. Mtu huyo yuko humu ndani leo. Mnakaa naye, mnaimba naye, mnampa watoto wenu awabebe, kwa sababu ana koti na heshima. Mimi simtaji. Namwambia tu kwamba aibu ya foleni ni ya asubuhi moja, na mtoto akifa ni milele."

Hakuna aliyesema amina. Kwenye mstari wa nyuma wa kwaya, kikohozi kilimshika Jonah. Alijaribu kukizuia kwa mkono, kikamzidi, kikamkunja hadi magotini, na kilipoisha watu wote walikuwa wamegeuka. Aliinuka, akavaa kofia akiwa bado ndani ya kanisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka. Kalondu alikusanya Biblia zao mbili na kumfuata.

Kavata aliketi. Alijua amemvua nguo kaka yake mbele ya watu, na alijua angelifanya tena kesho. Vyote viwili vilikaa kifuani mwake na hakuna kilichompisha mwenziwe.

Wiki ile hakupata habari yoyote kutoka bomani. Hata Kalondu hakuonekana sokoni. Watu waligawanyika. Wako waliosema Kavata amekosa adabu, mwanamke hawezi kumsemea mkubwa wake kanisani. Wako waliokuja hotelini kwa mlango wa nyuma, wakauliza kwa chini hiyo hospitali inafungua saa ngapi.

Kisha, siku ya soko, saa za mchana, hoteli ikiwa na watu wachache, Jonah alionekana ng'ambo ya barabara. Alikuwa na koti zito juani na fimbo mkononi. Hakuvuka. Alingoja lori lipite, akanyoosha mkono juu.

"Mumbua!" aliita, na ile besi, ingawa imepasuka, ilifika. "Niko mbali makusudi. Daktari ameniambia nisikukaribie kwanza. Unanisikia?"

Mtoto alikuwa ameruka kutoka kwenye kigoda. Kavata alimshika bega.

"Nakusikia, mjomba!"

"Walinipima makohozi," Jonah aliendelea, na hakuwa akiongea na mtoto peke yake sasa. Alikuwa akiwatazama watu wa benchi, watu wa petroli, mama muuza nyanya. "Nina TB. Mimi, Jonah, mzee wa kanisa. Nimesimama kwenye foleni na kopo mkononi, na nimeanza dawa. Huyo mtoto aliitoa kwangu. Mtu yeyote akisema yeye ndiye aliyeileta kwetu, aje aniambie mimi." Alitafuta pumzi. "Mumbua, sijakukasirikia. Umefika ukurasa gani?"

"Sina kitabu!"

"Kalondu atakuletea. Usome kwa sauti. Nitasikia nikiwa huku."

Kavata aliingia jikoni, akamimina chai kwenye kikombe cha bati, akavuka barabara nayo mwenyewe. Jonah alirudi nyuma hatua moja akiinua kiganja kumzuia, naye akaweka kikombe juu ya jiwe kati yao.

"Ulinivunjia heshima, Kavata," alisema kwa chini.

"Nilikuvunjia."

"Kalondu anasema ningekuwa nimekufa kabla ya kiangazi kijacho." Aliokota kikombe. "Bado sijakusamehe. Lakini nakunywa."

Walitibiwa wote wawili, mjomba na mtoto, hadi dawa zikaisha. Kalondu na Kavata walipimwa wakakutwa salama. Kama Jonah alipimwa damu kwa ule ugonjwa mwingine, majibu yalibaki kati yake na daktari, na Kavata hakuwahi kuuliza. Virusi vya Mumbua havikwenda popote. Daktari Mutunga alimwambia Kavata bila kuficha kwamba hajui mtoto ana miaka mingapi mbele yake, na Kavata akamjibu kwamba hata yeye daktari hajui yake.

Januari ilipofika, alimpeleka shule. Mwalimu mkuu alikuwa amesikia habari. Alimtazama mtoto, akazungusha kalamu mezani, akasema labda mama angengoja kwanza, labda mwaka mwingine, wazazi wa watoto wengine wanaweza kulalamika.

Kavata alivuta kiti, akakaa. Akavua viatu, maana miguu ilikuwa imevimba kwa kutembea, akavipanga vizuri chini ya meza ya mwalimu.

"Waite hao wazazi, mwalimu," alisema. "Mimi nimeifunga hoteli. Nina siku nzima."